Brussels hadi Vienna kwa Treni: Kufuata Ahadi za Wasoshalisti wa Ulaya

Maandishi haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu baada ya kurudi Tanga. Nilikwenda Ubelgiji kumwona wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye amekuwa akinialika tangu mwanawe akiwa mdogo. Ila mimi ni mwalimu wa Uraia, na kalenda ilinitega. Wiki nilizopata likizo zilikuwa za mwisho kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, 6 hadi 9 Juni 2024.

Kwa wasiofuatilia: vyama vya mrengo wa kati-kushoto vya Ulaya, kama SPD ya Ujerumani, PSOE ya Hispania, SPÖ ya Austria na wenzao, vina mwavuli mmoja uitwao Chama cha Wasoshalisti wa Ulaya, kwa kifupi PES. Tarehe 2 Machi walikutana Roma, wakapitisha ilani moja na kumsimamisha mgombea mmoja wa urais wa Kamisheni ya Ulaya, Nicolas Schmit wa Luxembourg. Vipaumbele vyao: kazi za staha na mishahara inayotosha, nyumba za kodi nafuu, mageuzi ya kijani yasiyomtupa mnyonge, usawa wa wanawake, kulinda demokrasia, kusimama na Ukraine. Niliichapisha ilani dukani kwa jirani, nikaitia mkobani.

Darasani huwafundisha wanafunzi kuisoma ilani yoyote kwa maswali matatu. Nani atafanya? Lini? Kwa fedha zipi? Nikasema basi, wifi nitamwona, halafu nitapanda treni na maswali yangu.

Jumamosi, 25 Mei. Dar, Addis, Brussels

Ndege ya usiku, kusubiri Addis, kutua Zaventem asubuhi. Afisa wa uhamiaji alitaka tiketi ya kurudi, bima, barua ya mwaliko na hoteli za mbele. Nilikuwa nazo zote kwenye faili moja mkononi, akagonga muhuri.

Kwa watakaofuata: viza ya Schengen niliilipia euro 80, lakini tangu 11 Juni 2024 imekuwa euro 90. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Usiweke karatasi kwenye begi la chini ya ndege. Nilimwona mama mmoja mbele yangu akibembeleza aruhusiwe kwenda kulichukua begi ndipo aonyeshe barua yake.

Wifi anaishi Schaerbeek, ghorofa ya tatu, ngazi tupu bila lifti. Kabla sijavua viatu nilishasikia habari ya kodi ya pango. Kwa sheria yao mwenye nyumba anaruhusiwa kuipandisha kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei. Mishahara nayo Ubelgiji hupanda yenyewe kwa kufuata bei, na jambo hilo nilimwambia kwetu ni ndoto ya kila Mei Mosi. "Hupanda," akasema, "ila mwenye nyumba huwahi."

Mwanawe ana miaka 17. Alinionyesha barua ya kuitwa kupiga kura. Ubelgiji kupiga kura ni lazima, na mwaka huo wa 2024 kwa mara ya kwanza vijana wa miaka 16 na 17 waliingizwa kwenye kura ya Bunge la Ulaya. Siku hiyohiyo, 9 Juni, watu wazima wanachagua na bunge la nchi, lakini yeye huko haruhusiwi mpaka afike 18. "Anti," akaniambia, "Ulaya nzima nachagua, Ubelgiji bado mtoto."

Jumapili, 26 Mei. Matonge

Karibu na Porte de Namur kuna mtaa unaoitwa Matonge, jina lililotoka Kinshasa. Saluni, vitambaa, mihogo, simu za mitumba, kanisa juu ya duka la nywele. Lingala ndiyo inayotawala, lakini dukani nilikoingia kununua pilipili, muuzaji alikuwa mama wa Bukavu. Kusikia tu nikimwita wifi, akageuka. "Mama, huku tunasemaka Lingala, lakini kwetu ni Kiswahili tu!" Hakukubali nilipe pilipili. Akanielekeza mahali pa kula pondu (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi) na chikwangue (mkate wa muhogo), sahani kubwa ya kutosha watu wawili, euro 16. Ukiwa Brussels na umechoka mikate, nenda huko, tena nenda Jumapili mchana.

Nje ya mgahawa alikuwa amesimama kijana na baiskeli, begi la mraba mgongoni, anasubiri oda. Alipotusikia akatoa shikamoo. Ni wa Buyenzi, Bujumbura. Tulimnunulia soda, akatueleza kazi yake ilivyo. Analipwa kwa kila mzigo anaofikisha. Pancha ni yake, mvua ni yake, kusubiri mlangoni nusu saa ni kwake. Kuna wiki akaunti yake ilifungwa siku nne. Hakuna mtu wa kumpigia, ujumbe tu kwamba kuna ukiukaji. Ukiukaji gani, hakujua. Siku ya tano ikafunguka yenyewe.

"Bosi wangu ni simu," akasema, akaigonga ile simu kwa kidole, na hapohapo ikalia. Akaondoka soda ikiwa nusu.

Jumatatu, 27 Mei. Bungeni

Kutoka Matonge hadi Bunge la Ulaya ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Eneo la maonyesho, Parlamentarium, ni bure, ila Jumatatu hufunguliwa saa saba mchana, kwa hiyo msikimbilie asubuhi. Ukumbi wenyewe wa Bunge nao unatembelewa bure, lete pasipoti. Wabunge walikuwa majimboni kwenye kampeni, viti vitupu vimejipanga nusu duara. Bunge hili jipya lina viti 720, lililopita lilikuwa na 705.

Pale ndipo nilipofungua ukurasa wa kazi kwenye ilani na kumfikiria yule kijana wa baiskeli. Sheria inayomhusu ipo. Kamisheni ilipoiandaa ilikadiria kwamba watu milioni 28 katika Umoja wa Ulaya wanafanya kazi kupitia majukwaa ya simu. Kiini chake ni kwamba palipo na dalili kuwa kampuni inamwongoza na kumdhibiti mtu, sheria ianze kwa kumchukulia kuwa ni mwajiriwa, na kampuni ndiyo ibebe mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Tena mtu asifungiwe akaunti na mashine pekee, lazima binadamu ahusike.

Mtembezaji wetu, dada mwenye subira sana, alinieleza njia sheria inayopita. Kamisheni huandaa, Bunge na mawaziri wa nchi 27 hukubaliana au hugoma. Bunge liliipitisha hii tarehe 24 Aprili, na wakati huo ilikuwa inasubiri hatua za mwisho za mawaziri. Utamu wa habari uko kwa mawaziri hao. Walipokubaliana 11 Machi, Ufaransa ilikataa na Ujerumani haikupiga kura upande wowote. Ujerumani hiyo kansela wake wakati huo alikuwa Olaf Scholz wa SPD, na waziri wake wa kazi, Hubertus Heil, alikuwa wa SPD vilevile. Lakini serikali ilikuwa ya muungano, na washirika wao wa FDP, chama cha waliberali, hawakuitaka. Siku tisa baada ya Scholz kusimama Roma kuinadi ilani, nchi yake ikakaa kimya kwenye jambo la kwanza ninaloliona lina maana kwa mtu ninayemjua.

Niliandika daftarini: "Nani? Nchi 27, na ndani ya kila nchi, mshirika wa muungano."

Jumanne na Jumatano, 28–29 Mei. Luxembourg, Esch, Schengen

Treni ya Brussels kwenda Luxembourg ni zaidi ya saa tatu za misitu na ng'ombe. Ukishaingia nchini, funga pochi, kwa maana mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu tangu 2020, mgeni na mwenyeji. Mara mbili nilimtolea dereva sarafu, mara mbili akanitikisia kichwa.

Vitanda si bure. Nilichukua hosteli mjini Esch-sur-Alzette kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya Belval, ambako tanuri mbili kubwa za chuma zimeachwa zimesimama katikati ya majengo ya chuo kikuu. Ya mwisho ilizimwa 1997. Mvua ilinikuta pale bila mwavuli. Mama mmoja aliyekuwa ametoka zamu ya usafi ofisini, mzaliwa wa Cape Verde, alinishika mkono tukaenda naye chini ya mwavuli wake hadi mlango wa hosteli, akakosa basi lake. Kifaransa changu kiliishia kwenye kushukuru.

Huku ndiko anakotoka mgombea. Schmit alizaliwa Differdange, mji wa chuma jirani na Esch, akawa waziri wa kazi wa Luxembourg kuanzia 2009 hadi 2018, kisha kamishna wa ajira wa Ulaya. Kazi aliyoiacha ni sheria ya 2022 ya kima cha chini cha mshahara. Wengi hudhani inaweka kiwango kimoja cha Ulaya nzima. Haiweki, na haiwezi. Mwanzoni mwa 2024 kima cha chini cha Luxembourg kilikuwa kama euro 2,570 kwa mwezi, cha Bulgaria 477, na nchi tano, zikiwemo Italia na Austria, hazina kima cha kisheria kabisa. Kilichowekwa ni vipimo. Nchi yenye kima cha chini inashauriwa ikilinganishe na asilimia 60 ya mshahara wa katikati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata chini yake na nusu juu yake. Nchi ambayo wafanyakazi walio chini ya mikataba ya hali bora hawafiki asilimia 80 lazima iandike mpango wa kuwaongeza. Mwisho wa kuingiza sheria hii katika sheria za nchi ulikuwa 15 Novemba 2024.

Hicho kipengele cha mikataba ya hali bora ndicho ningekipigia mstari kama ningekuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Kima cha chini hupangwa na waziri na kinaweza kulala miaka. Mkataba hupangwa mezani na wenye kazi wenyewe. Na cha kuchekesha, Denmark na Sweden, zilizopiga kura ya hapana, wakati huo zilikuwa chini ya mawaziri wakuu wa mrengo huuhuu. Hoja yao: mishahara kwetu hupangwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri, Brussels isitie mkono. Denmark ilikwenda hadi mahakamani. Ndugu wa mwavuli mmoja.

Jumatano nilipanda basi, bure vilevile, hadi Schengen. Ni kijiji cha mizabibu kando ya mto Moselle. Hapa, 14 Juni 1985, nchi tano zilitia saini ndani ya meli mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Nilivuka daraja hadi Perl, Ujerumani, nikanunua mkate, nikarudi. Hakuna aliyeniangalia. Mimi niliyetumia miezi kukusanya karatasi za kuruhusiwa kuingia nilivuka mpaka wa nchi mbili mara mbili kwa ajili ya mkate.

Nikakaa kwenye benchi kusoma ukurasa wa uhamiaji. Ilani ya Roma inasema wanapinga kuhamishia mipaka ya Ulaya nje ya Ulaya. Maneno mazuri. Lakini Denmark, chini ya wasoshaldemokrasia, ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuwezesha waomba hifadhi kupelekwa nchi nyingine, na mwaka uliofuata ikatoa tamko la pamoja na Rwanda kuhusu mpango huo. Ulikuja kusimamishwa 2023. Kwenye kazi na nyumba wanabishana juu ya njia. Hapa hawajakubaliana hata wanakokwenda, na anayeisoma ilani akiwa Kigali au Tanga anaona pengo hilo kabla ya mengine yote.

Alhamisi na Ijumaa, 30–31 Mei. Trier

Kwa treni ya Luxembourg kwenda Trier, safari ni bure hadi Wasserbillig mpakani, kata tiketi ya kipande cha Ujerumani tu. Mimi nilifika siku ya sikukuu ya Ekaristi, kila duka limefungwa. Nilikula ndizi mbili na biskuti za wifi. Angalieni kalenda ya sikukuu ya kila mkoa, Ujerumani hazifanani.

Ijumaa niliingia nyumba alimozaliwa Karl Marx 1818, kiingilio euro 5. Nyumba hii SPD ilikuja kuinunua 1928, Wanazi wakaipora 1933, ikafunguliwa kama makumbusho 1947. Leo inaendeshwa na Wakfu wa Friedrich Ebert, uleule wenye ofisi Dar es Salaam na Nairobi. Mwishoni kuna kiti chake cha kusomea, ngozi imechakaa mikononi, na Wachina kadhaa walikuwa wamekizunguka kimya. Mjini humo wanauza noti ya ukumbusho ya "euro 0" yenye sura yake. Bei yake ni euro 3. Nilinunua moja kwa ajili ya somo la thamani na bei, ambalo halimo kwenye muhtasari wa Uraia lakini litaingia.

Jumamosi hadi Jumatatu, 1–3 Juni. Bonn

Juni ilipoanza nikatumia tiketi ya Ujerumani, iliyokuwa euro 49 kwa mwezi mwaka 2024, inayokubalika kwenye treni zote za mikoa, tramu na mabasi. Tahadhari: ni ya kujiandikisha, hujirudia kila mwezi, na ya kwangu ilibidi kuisitisha kabla ya tarehe 10 ili mwezi wa pili usikatwe. Haifai kwa treni za kasi. Kutoka Trier kupitia Koblenz reli inafuata Moselle kisha Rhine, na kama ungekuwa na pesa za treni ya kasi bado ningekushauri uende pole pole hivyo.

Mabango ya uchaguzi kila nguzo. SPD walimweka Katarina Barley, mgombea wao wa juu, pamoja na Scholz. Mengi yalikuwa yamechanwa, na si ya chama kimoja. Mapema Mei mbunge wa SPD, Matthias Ecke, alipigwa Dresden akiwa anabandika mabango hadi akalazwa. "Kulinda demokrasia" nilikuwa nimeusoma kama ule ukurasa ambao kila ilani huuweka kwa heshima. Baada ya hapo niliurudia.

Bad Godesberg ni kitongoji tulivu cha Bonn chenye bustani. Ndani ya ukumbi wake, Novemba 1959, SPD ilipitisha programu iliyoigeuza kutoka chama cha tabaka la wafanyakazi kuwa chama cha watu wote. Neno lao lilikuwa ushindani kadiri inavyowezekana, mipango kadiri inavyohitajika. Niliupiga picha kwa nje nikijaribu kupanga miaka kichwani. Sisi Azimio la Arusha ni 1967, miaka minane baada ya hawa kuamua kwamba njia kuu za uchumi si lazima ziwe mikononi mwa dola. Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti, likaja 1991. Mwanafunzi akiniuliza tena kama wasoshalisti wa Ulaya ni sawa na ujamaa wetu, nitaanza na hiyo miaka.

Jumatatu nilipita mbele ya jengo la Deutsche Welle, kwa kuwa sauti ya Idhaa ya Kiswahili iko nyumbani kwetu tangu enzi za redio ya baba. Mlinzi alinisikiliza kwa upole, akaniambia ziara hupangwa mapema. Basi pangeni mapema.

Jumanne, 4 Juni. Njiani

Kusini mwa Ujerumani kulikuwa na mafuriko makubwa. Treni zilizokatwa njia zilimwaga abiria kwenye zetu, korido imejaa mabegi, na kila kituo tuliongeza dakika. Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Linz kwa mjukuu aliona natafuta pa kuketi, akampakata mbwa wake ili nipate nafasi. Saa tatu baadaye akafungua kopo, akanigawia mayai ya kuchemsha na mkate mweusi. Alikuwa mhasibu mstaafu. Nilimwonyesha ilani, akaisoma ukurasa mmoja kwa kalamu mkononi kana kwamba anakagua hesabu, akaandika alama ya kuuliza pembeni ya nyumba nafuu. Tulipopita Passau gari zima lilinyamaza. Maji ya kahawia yalikuwa yamepanda karibu mita 10, yamemeza mitaa ya chini ya mji.

Vienna nilifika usiku mwingi.

Alhamisi, 6 Juni. Karl-Marx-Hof

Suala la nyumba nililiweka mwisho kwa makusudi. Bei za nyumba katika Umoja wa Ulaya zilikuwa zimepanda karibu nusu tangu 2010, na wasoshalisti walikuwa wameiweka nyumba mbele kuliko wakati wowote. Tatizo ni kwamba mikataba ya Umoja haiipi Brussels mamlaka ya makazi. Machi 2024 mawaziri wa makazi walikutana Liège wakatoa azimio, na azimio halijengi ukuta.

Panda treni ya U4 hadi Heiligenstadt (tiketi ya saa 24 ilikuwa euro 8 mwaka 2024), toka nje ya kituo, na umeshafika. Mbele yako ni jengo lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, rangi ya udongo mwekundu na manjano, matao makubwa ya kupitia watu. Lilijengwa kuanzia 1927 hadi 1930, msanifu Karl Ehn, nyumba 1,382, pamoja na mabafu, dobi za pamoja, chekechea na maktaba. Ndani si zege. Ni bustani, sehemu kubwa ya kiwanja imeachwa iwe ya miti na watoto. Mabafu ya zamani sasa ni makumbusho madogo, hufunguliwa Alhamisi na Jumapili mchana tu.

Na hapo Vienna ndipo maswali yangu yalipopata jibu, tena kwa herufi nyekundu ukutani. Majengo mengi ya zama zile yana maandishi makubwa: limejengwa na Manispaa ya Vienna, mwaka fulani, kwa fedha za kodi ya ujenzi wa makazi. Nani, lini, kwa fedha zipi. Nilisimama barabarani kama mjinga nikicheka peke yangu.

Kodi hiyo ilianzishwa 1923 na Hugo Breitner, aliyesimamia fedha za jiji. Ilipanda kwa kadiri ya thamani ya nyumba. Mwenye chumba alilipa kidogo mno, na idadi ndogo sana ya majumba ya kifahari ililipa karibu nusu ya makusanyo. Haikuwa salama kwa wasoshalisti hao. Februari 1934 serikali ya kansela Dollfuss iliupiga mtaa huu kwa mizinga, na chama kikapigwa marufuku. Leo jiji bado linamiliki nyumba zipatazo 220,000. Sisi tunalo Shirika la Nyumba tangu 1962, na Msajili wa Majumba alikuwapo tangu 1971, na majengo yake Tanga yapo. Tofauti niliyoiona ni kwamba Vienna hawakuacha kukarabati, na hata ujenzi waliousimamisha 2004 waliurudia baadaye.

Mzee mmoja mwanamke aliyekuwa anamwagilia maua dirishani, Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu, aliniambia ameishi pale tangu ameolewa na kodi haifiki robo ya pensheni yake. Nikamuuliza majirani zake wanapigia kura chama gani. Akafanya ishara ya mkono kushoto, kisha kulia, akacheka. Chama cha FPÖ cha mrengo mkali wa kulia kina kura nyingi ndani ya nyumba hizi zilizojengwa na wasoshalisti. Na mgeni asidhani ataingia tu, ili kuomba nyumba ya jiji lazima uwe umeandikishwa makazi Vienna miaka miwili. Yule mama wa Esch mwenye mwavuli angesubiri.

Jumapili, 9 Juni. Matokeo

Siku mbili za katikati nilifua nguo na kulala. Jumapili vituo vya Austria vilifungwa saa kumi na moja jioni. Makadirio yakatoka na baadaye yakathibitishwa: FPÖ wa kwanza kwa asilimia 25.4, SPÖ wa tatu kwa 23.2. Hosteli ilikuwa na vijana Wafaransa waliogandia simu, Macron alikuwa ametangaza kulivunja bunge lao usiku uleule. SPD walipata asilimia 13.9, matokeo mabovu kuliko yote katika chaguzi za Ulaya kwao. Kundi la Wasoshalisti na Wademokrasia lilibaki la pili likiwa na viti 136 kati ya 720, nyuma ya wahafidhina wenye 188. Mpwa wangu alinitumia picha ya kidole gumba. Hakutaka kusema amempa nani.

Baada ya kurudi

Schmit hakupata urais wa Kamisheni, na serikali ya nchi yake, inayoongozwa na wahafidhina, imempendekeza mtu mwingine hata kwa nafasi ya ukamishna. Mwishoni mwa Juni António Costa, msoshalisti wa Ureno, aliteuliwa kuongoza Baraza la Ulaya, lile la wakuu wa nchi za Umoja. Tarehe 18 Julai Ursula von der Leyen alichaguliwa tena kwa kura 401, wasoshalisti wakiwemo, na katika mpango wake aliahidi kamishna atakayebeba suala la makazi, mara ya kwanza katika historia ya Kamisheni. Ni dai lao. Nani, tumeahidiwa. Kwa fedha zipi, mhasibu wa Linz alishaweka alama yake.

Kwa wanaouliza gharama: treni zote, Brussels hadi Vienna, hazikufika euro 200 kwa kuwa nilikata mapema na kutumia ile tiketi ya euro 49. Chakula, ukinunua mkate, jibini na matunda supamaketi, euro 12 kwa siku zinatosha, na moja kwa moja nenda Matonge siku ya kujipongeza. Kilichokula pesa ni vitanda. Trier na Bonn nililala kwa euro 30 na kitu, Esch na Vienna kwa zaidi ya 40, chumba cha watu sita. Kwa wifi nililala bure, nikamwachia kanga mbili na pilipili ya mama wa Bukavu.